Kandanda ya Ng'ambo na Swali la Halali

Mtu wa Mombasa akitajiwa mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi huweza kudhani anatajiwa mitaa ya kwao. Majengo, Kaloleni, Makadara, Ziwani, Bondeni. Lugha iliyoipa mitaa hiyo majina ni hii yetu, na Pumwani, tangu ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilijaa Waislamu wenye kusema Kiswahili. Leo watu wa kila kabila wanakaa huko, lakini hakuna nyumba nyingi hapa Pwani zisizokuwa na mwana, mjomba au shemeji aliyepanga chumba Majengo, Eastleigh, Buruburu au Umoja. Kwa hiyo jambo linalowakera vijana wa mitaa hiyo kila mwisho wa juma si jambo la ugenini.

Jambo lenyewe ni hili. Mechi ya kandanda inachezwa Manchester, Madrid au Doha. Kijana wa Jericho ataka kuiona palepale inapochezwa, asisubiri kusimuliwa kesho yake. Fedha za kununua kifurushi kikubwa cha televisheni hana. Je, yuko wapi pa kuitazama bila kuiba?

Wako watakaocheka kwamba ukurasa huu umekosa la kusema, hata ukaanza kupima wizi wa mpira. Wacheke. Utamaduni wa mji hujulikana kwa mahali watu wake wanapokutana jioni, na katika Eastlands ya leo mahali hapo, mara nyingi, ni mbele ya kioo chenye mpira. Wazee walikutana barazani kwa kahawa na bao. Wajukuu wao wanakutana katika kibanda cha mabati chenye mabenchi, na humo ndimo wanamojifunza kuzungumza, kubishana na, kwa bahati mbaya, kucheza kamari.

Zamani swali hili halikuwapo. Televisheni ya Sauti ya Kenya ilianza mwaka 1962, na waliokuwa na chombo chenyewe walikuwa wa kuhesabika. Wengine wote walitegemea redio. Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, aliyekuwa mbali na uwanja aliuona mpira kwa masikio. Sauti za watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa aliyefariki Februari 2025, zilimchorea msikilizaji uwanja mzima. Baadaye, redio na televisheni hizo zikiitwa KBC, watu walizoea kipindi cha Football Made in Germany, mechi za Ujerumani zilizokwisha kuchezwa na kukatwakatwa, na hakuna aliyelalamika kwamba matokeo yamechelewa. Mwaka 1990 Kameruni ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia, hakuna aliyeulizwa kama amelipia. Bara la Tanzania halikuwa na televisheni yake hata kufikia mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na Wazanzibari hawakuacha kuwakumbusha wenzao.

Kisha mechi ikawa mali ya kuuzwa. Chama cha ligi huuza haki za kutangaza nchi kwa nchi, kwa miaka kadhaa kwa mkupuo, na anayetoa bei kubwa ndiye anayefunga mlango na kushika ufunguo. Katika Kenya ufunguo wa Ligi Kuu ya Uingereza umekaa kwa muda mrefu mikononi mwa SuperSport, chini ya MultiChoice, kampuni ambayo tangu Septemba 2025 imo ndani ya Canal+ ya Ufaransa. Palitokea jaribio moja la kuuvunja ukiritimba huo. Mwaka 2007 ilikuja kampuni iitwayo GTV, ikanunua sehemu kubwa ya mechi za ligi hiyo kwa Afrika, na wananchi wengi wakanunua ving'amuzi vyake kwa furaha kwamba bei sasa itashuka. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni ikafilisika ghafla, katikati ya msimu. Madishi yakabaki juu ya paa kama sufuria zilizoanikwa, na waliokwisha kulipa wakabaki na risiti.

Wakati huohuo mapenzi ya Eastlands kwa mpira huo wa ng'ambo yalizidi kuwa na sababu. McDonald Mariga alikuwamo katika kikosi cha Inter ya Italia msimu ule wa 2010 ilipotwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mdogo wake, Victor Wanyama, kijana wa Muthurwa, mwendo wa miguu tu kutoka Shauri Moyo, aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, na mwaka uliofuata akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Sasa mwambie jirani wa Muthurwa kwamba mechi hiyo haimhusu.

Basi anaitazamia wapi? Wengi huenda kibandani. Kiingilio ni Sh20, pengine Sh50 ikiwa ni mechi kubwa. Mwenye kibanda ana televisheni mbili au tatu, dishi, na mara nyingi kadi moja iliyosajiliwa kama ya nyumbani. Hapo ndipo penye kasoro, na wateja wengi hawaijui. Kadi ya nyumbani ni ya baba, mama, watoto na wageni wao. Kuwatoza watu kiingilio kwa kadi hiyo ni kuvunja mkataba na kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Vipo vifurushi vya biashara kwa ajili ya hoteli, baa na kumbi, lakini bei yake si ya mtu mwenye mabenchi sita. Kwa hiyo mteja ametoa shilingi zake kwa nia safi, ameketi kama mtu aliyelipa, na hata hivyo senti moja ya kiingilio chake haikumfikia mwenye mali. Sisi hatumlaumu mteja huyo. Hata mwenye kibanda twamlaumu kwa sauti ya chini, maana ameziba pengo ambalo wakubwa wameliacha wazi.

Wengine, hasa wenye simu za kisasa, hutafuta mtandaoni. Nusu saa kabla ya mechi viungo hupita kutoka simu hadi simu kama habari za msiba. Ukibonyeza, kwanza inakuja picha ya mwanamke aliye nusu uchi, kisha tangazo la kamari, kisha ukurasa unaodai nambari ya kadi yako ya benki, na mwisho, ukiwa na subira, mpira wenye kukatika. Mtu anayekufungulia duka bure usiku wa manane ana biashara nyingine, na mara nyingi bidhaa ni wewe mwenyewe.

Wala bure hiyo haina ubure wowote. Mechi moja yenye picha safi huweza kumeza gigabaiti mbili za data au zaidi, na data hununuliwa. Tena picha ya mtandao hufika imechelewa, nusu dakika au dakika nzima, kuliko ile ya setilaiti. Matokeo yake ni kichekesho kinachojulikana katika kila ploti ya Umoja na Kayole: kijana amekodoa macho simuni, mshambuliaji hajavuka bado katikati ya uwanja, na kibanda cha nyuma kimekwisha kulipuka kwa kelele za bao. Ameiba mechi, na hata mechi yenyewe ameiibiwa.

Serikali na mahakama hazikulala. Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019 ili kampuni za intaneti zipewe notisi na kulazimika kuziba njia za maharamia. MultiChoice ikazipeleka Safaricom na Jamii mbele ya Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwaka 2022 mahakama ikakubaliana nayo kwamba kurasa zinazoonyesha mechi kwa wizi zifungwe. Zikafungwa, zikafunguka kwa majina mengine. Huo ni mchezo wa paka na panya, na katika mitaa ya Eastlands twajua panya huishi muda gani.

Msomaji wetu Mwislamu ana swali la pili, zito kuliko la sheria ya serikali. Je, kutazama hivyo ni halali? Tumewasikia vijana wakisema kwamba kampuni hizo ni za matajiri na makafiri, kwamba picha inayopita hewani haina mwenyewe, kwamba hakuna kilichopungua mtu mmoja zaidi akitazama. Hoja hizo zina utamu wa mdomoni. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao Jeddah, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, lilikwisha kuamua kwamba haki za utungaji, uvumbuzi na majina ya biashara, ingawa hazishikiki kwa mkono, ni mali yenye thamani, na haijuzu kuzivamia. Kikao hicho hakikuzungumza juu ya mpira, na sisi si mamufti. Twasema tu kwamba anayetaka kutegemea usemi wa "hewa haina mwenyewe" akamuulize kwanza shekhe wake, na asijifutu mwenyewe kwa sababu Arsenal inacheza.

Na ipo njia nyingine iliyo kinyume cha hiyo: serikali yairuhusu, dini yaikataa. Kampuni kadhaa za kamari ulimwenguni hununua haki za mechi na kumwonyesha bure yeyote mwenye akaunti yenye fedha kwao. Hakuna polisi atakayemgusa. Lakini ili uutazame mpira huo lazima uingie kwa mlango wa kamari, na kijana akisha kuingia na Sh50 zake, ni vigumu azitoe bila kuzitia katika matokeo. Sisi twaiona njia hii ni mbaya zaidi ya kile kibanda. Kibanda humwibia tajiri wa mbali. Hii huingia mfukoni mwa mama anayeuza maandazi Gikomba, kwa mkono wa mwanawe.

Watu wa Pwani wana hila yao maalumu, nayo ni ndugu aliye ng'ambo. Huyu ana shemeji Muscat au Dubai, aletewa kadi ya Kiarabu kwenye sanduku la zawadi. Yule ana dada London, atumiwa neno la siri la akaunti. Wengine hutumia programu za kuificha simu ionekane iko Uingereza, wafungue televisheni za huko zinazoonyesha Kombe la Dunia bure. Yote haya ni uvunjaji wa mkataba, maana haki iliyouzwa kwa Oman haikuuzwa kwa Kenya. Jambo hili hata Ulaya liliwatoa watu jasho. Mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth, Karen Murphy, alitumia kadi ya Ugiriki kuonyesha Ligi Kuu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya kwao. Aliposhtakiwa alipanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo Oktoba 2011 ilisema raia wa Jumuiya hawezi kukatazwa kununua kadi ya nchi nyingine ya Jumuiya, na mwaka 2012 hukumu yake ikafutwa. Hata hivyo mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kuonyesha mbele ya wateja wa baa vitu kama wimbo wa ligi na picha zake za mapambo kwahitaji ruhusa ya mwenyewe. Wa Kenya asijitetee kwa kesi hiyo. Sisi si Jumuiya ya Ulaya.

Kule Ghuba nako palikuwa na kisa kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2017, Qatar na Saudi Arabia zilipokosana, kituo kilichojiita beoutQ kilichukua matangazo ya beIN ya Qatar na kuyarusha kama yake mwenyewe, mechi kwa mechi. Juni 2020 jopo la Shirika la Biashara Duniani lilisema Saudi Arabia haikutimiza wajibu wake wa kuwachukulia hatua za jinai waliokiendesha. Ukiona madola yenye mafuta yanagombania dishi, usishangae kijana wa Makongeni kujaribu.

Lipo jambo moja la kuchekesha katika biashara hii, na hatutaki limpite msomaji. Uingereza yenyewe imekataza, kwa utaratibu wa miaka mingi, mechi zisionyeshwe moja kwa moja Jumamosi kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano mchana hadi saa kumi na moja na robo, ili watu wasiache kwenda viwanjani. Kwa hiyo mechi inayoanza saa tisa alasiri huko, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni kwetu, mtu wa Liverpool haioni kwa halali nyumbani kwake. Wa Buruburu mwenye kifurushi kamili anaiona. Tabu yake ni kwamba saa kumi na mbili hiyo huangukia Magharibi. Wako wenye vibanda karibu na msikiti wa Riyadha, Pumwani, wanaojua kabisa kwamba benchi zitapungua watu adhana ikilia, na wako wateja ambao, twasema kwa huzuni, husubiri mapumziko. Za Ligi ya Mabingwa ni mbaya zaidi: saa tano usiku wakati wa baridi, zikiisha saa saba, na njia ya kurudi nyumbani Dandora saa hiyo haina taa.

Halali basi iko wapi? Haikosekani kabisa. Iko KBC na stesheni nyingine zisizolipiwa kila zinaponunua sehemu ya mashindano makubwa. FIFA ilifungua huduma yake ya mtandaoni ya FIFA+ mwaka 2022, bila malipo. Kombe la Dunia la Vilabu la mwaka 2025, lililotwaliwa na Chelsea kwa kuifunga Paris Saint-Germain mabao 3-0, lilionyeshwa lote bure na DAZN kwa mwenye kujiandikisha, na ni watu wachache mno mitaani waliojua. Wengi waliendelea kulitazama kwa wizi, wakiiba kitu kinachogawiwa! Mwaka 2024 Showmax ilitoa kifurushi cha Ligi Kuu cha simu pekee kwa Sh500 kwa mwezi, wakati kile kikubwa cha dishi kilikuwa kikikaribia au kuvuka Sh10,000. Hilo lilionyesha kwamba bei ya mwananchi yawezekana, wenyewe wakitaka. Na redio ipo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipata kuzitangaza mechi za Uingereza kwa lugha yetu katika Ulimwengu wa Soka, na asiyejua raha ya kusikiliza mpira gizani amekosa kitu. Hata mwenye kadi ya nyumbani hakatazwi kualika. Majirani wanane sebuleni, kahawa na kaimati, pasiwepo kiingilio: hapo hapana mahakama itakayokuuliza.

Lakini hayo hayatoshi kwa mitaa yenye watu wengi kama Kayole, na hapa ndipo tunapowageukia wenye madaraka. Uingereza ina orodha katika sheria yake ya utangazaji ya mwaka 1996 ya mashindano ambayo hayaruhusiwi kufungiwa kwa wanaolipa tu, Kombe la Dunia likiwamo. Afrika Kusini ina kanuni za namna hiyo tangu mwaka 2010. Kenya nayo yafaa iwe na orodha yenye meno: mechi zote za Harambee Stars, fainali za Afrika, na Kombe la Dunia angalau kuanzia robo fainali. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Kenya iliifunga Morocco 1-0 Kasarani, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Siku zile Eastlands yote ilikuwa kitu kimoja, Mjaluo na Mswahili, Msomali na Mluhya. Si jambo la kuachiwa mwenye duka aamue nani aone.

Kwa mechi nyingine za ng'ambo, kumbi zipo. Ukumbi wa Kaloleni, ambao siku za ukoloni wazee walikutania kuzungumza siasa hata ukaitwa bunge lao, bado umesimama. Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani upo. Serikali ya Kaunti ikinunua leseni ya biashara moja kwa kila ukumbi, ikaweka kioo kikubwa na kutoza Sh20 ileile ya kibandani, watu 200 ni Sh4,000 kwa mechi moja, na mwisho wa juma mmoja una mechi nne au tano za kutazamwa. Mwenye kibanda aajiriwe kuuendesha. Kazi hiyo anaijua kuliko karani yeyote. Mawakala wa kamari wazuiwe mlangoni. Mechi ya saa kumi na mbili ikifika Magharibi, pawe na chumba cha pembeni chenye mikeka na maji ya kutawadhia, maana katika Pumwani hilo si la kuombwa.

Wawakilishi wa Kamukunji na Makadara katika Bunge la Kaunti hutujia kila uchaguzi wakigawa mipira na jezi. Makadirio ya fedha hujadiliwa kila mwaka kabla ya Juni kwisha, na swali la leseni ya kumbi hizi mbili ni la mistari miwili tu katika karatasi yao.